Mashine ya Kahawa Inapogoma: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kushika Bisibisi

Mashine ya kahawa ya nyumbani inayosaga buni, kukandamiza unga, kupasha maji na kumimina kinywaji kwa kubonyeza kitufe kimoja ni mashine mbili zilizofungiwa katika sanduku moja. Ya kwanza ni ya maji: tangi, kihesabu maji, pampu, kichemshio, na mipira myembamba inayoviunganisha. Ya pili ni ya kahawa: chombo cha buni, kisagio, mfereji unaoshusha unga, kitengo cha kuchujia, na droo ya machicha. Njia hizo mbili hukutana mahali pamoja tu, ndani ya kitengo cha kuchujia, na ndiyo sababu dalili moja, tuseme kahawa kutoka tone kwa tone, huweza kuwa na chanzo upande wowote. Asiyezitenganisha hununua pampu mpya kwa sababu ya unga uliokwama, au huosha kitengo mara tano ilhali ni ukoko wa chokaa ulioziba kichemshio.

Maelezo haya yanahusu zaidi mashine ambazo kitengo chake cha kuchujia hutolewa kwa mkono kupitia mlango mdogo, kama zilivyo nyingi za De'Longhi, Saeco na Philips. Katika mashine za Jura kitengo hicho kimefungiwa ndani, na mwenye mashine hukisafisha kwa vidonge maalumu. Sehemu ya kukiosha kwa mkono haitamfaa, ila mengine yote yanamhusu. Mashine nyingi ninazoletewa hapa Dar es Salaam zilikwisha kutumika Ulaya au Dubai kabla ya kufika, hazina kitabu cha maelekezo, na aliyeziuza hajui ziliondolewa chokaa lini. Karibu kila moja huja na maneno yale yale, kwamba “imekufa”, na nyingi kati yake huwa hazihitaji kipuri hata kimoja.

Majaribio mawili ya mwanzo

Jaribio la kwanza ni la maji ya moto peke yake. Weka kikombe cha mililita 200 chini ya mrija wa mvuke na uombe maji ya moto, si kahawa. Njia ya maji ikiwa nzima, mkondo hutoka bila kusita na kikombe hujaa kwa takriban dakika moja. Maji yakitoka membamba kama uzi, yakikatika na kutema mvuke, shuku chokaa. Pampu ikinguruma bila maji kutoka, shuku hewa au tangi. Kukiwa kimya kabisa, tatizo ni la umeme au la sensa, yaani kihisio cha mashine, na la umeme nitalifikia mwishoni.

Jaribio la pili hufanywa ikiwa maji yametoka vizuri. Mashine nyingi zina tundu la kuwekea kahawa iliyokwisha kusagwa. Tia kijiko kimoja cha kipimo, kisizidi, kisha tengeneza kikombe kwa njia hiyo. Kahawa ikitoka nzuri, kosa liko kwenye kisagio au kwenye mfereji wa unga. Ikitoka vibaya vilevile, kosa liko ndani ya kitengo cha kuchujia au kwenye midomo ya kutolea kahawa. Majaribio haya mawili huchukua dakika tano na hayahitaji kufungua skrubu yoyote.

Pampu inanguruma lakini maji hayatoki

Pampu ya mashine hizi ni ya mtetemo: ndani yake pistoni ndogo husukumwa na koili ya umeme, na kwa umeme wetu wa hezi 50 hupiga mara 50 kwa sekunde. Ikiwa na maji, sauti yake ni nzito na ya kufifia. Ikiwa na hewa, huwa kali na yenye kelele, kama kopo tupu linalotikiswa. Baada ya wiki moja ya kusikiliza, mtu hutambua tofauti hiyo akiwa chumba cha pili.

Hewa huingia hasa tangi linapoachwa kukauka, au kichujio kipya cha maji kinapowekwa ndani ya tangi bila kulowekwa kwanza mpaka mapovu yaishe. Kwa hiyo toa kichujio, jaza tangi, libonyeze mpaka likae sawasawa, halafu omba maji ya moto. Chini ya tangi kuna vali ndogo yenye springi, ambayo hufunguka pale tu tangi linapokaa vizuri, na kipande cha chokaa chenye ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kuizuia. Ibonyeze kwa kidole uone kama inarudi. Hewa ikikataa kutoka, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze maji safi, liweke kwenye tundu ambalo tangi hukalia, usukume maji taratibu, kisha rudisha tangi na ujaribu tena. Usiiache pampu ifanye kazi bila maji kwa zaidi ya dakika moja, kwa sababu maji yanayopita ndiyo yanayoipoza. Ikipata moto hujizima yenyewe, na mtu huidhania imeungua wakati inahitaji kupumzishwa tu.

Mashine ikisema tangi ni tupu ilhali limejaa, angalia boya dogo lililo ndani ya tangi. Mara nyingi boya hilo hubeba sumaku, na utelezi wa kijani uliojijenga pembeni huligandisha chini. Mswaki na maji ya sabuni humaliza kazi, kwa sharti kwamba tangi lisuuzwe vizuri.

Maji yanatoka kidogo, au kahawa haina moto wa kutosha

Hapa ndipo penye kutokuelewana kwingi. Taa ya chokaa haipimi chokaa. Ndani ya mashine hizi kuna kihesabu maji, yaani kigurudumu kidogo chenye sumaku kinachozunguka maji yanapopita, na mashine hukokotoa kutokana na wingi wa maji hayo na kiwango cha ugumu wa maji ambacho mwenye mashine alikiweka siku ya kwanza, au hakukiweka kabisa. Anayetumia maji laini ya chupa ataiona taa mapema kuliko inavyohitajika, na anayetumia maji ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika baada ya majuma machache, ataiona wakati kichemshio kimekwisha kuziba nusu. Birika lako la umeme ni shahidi bora kuliko taa hiyo: likianza kuonyesha ukoko, mashine nayo inao.

Dawa ya kiwandani ya mashine husika ndiyo salama zaidi. Isipopatikana, gramu 30 hadi 50 za asidi ya sitriki katika lita moja ya maji baridi hufanya kazi. Nasisitiza baridi, kwa sababu asidi hiyo ikikutana na chokaa katika maji ya moto sana huweza kujenga chumvi nyingine ngumu kuyeyuka, na ukawa umeondoa ukoko mmoja na kuleta mwingine. Siki siipendekezi: harufu yake hukaa siku nyingi na haifai kwa baadhi ya mipira ya ndani. Maji ya ndimu ndiyo mabaya kuliko yote, ingawa ndiyo yanayoshauriwa na kila mtu, kwani huingiza nyuzi za tunda na sukari mahali ambapo brashi haifiki.

Anzisha programu ya kuondoa chokaa ya mashine yenyewe, usiigize kwa kuomba maji ya moto mara nyingi, maana programu husimama kwa vipindi ili asidi ipate muda wa kula ukoko. Usiikatize katikati, ikikatizwa, mashine nyingi hung'ang'ania taa mpaka zoezi zima, pamoja na kusuuza, lirudiwe. Kwa mashine ambayo haijawahi kuondolewa chokaa kwa miaka, mimi huanza na mchanganyiko wa nusu ya nguvu, kisha narudia siku ya pili. Asidi kali ya mara moja hubandua magamba makubwa, nayo husafiri mpaka kwenye vali nyembamba na kuiziba kabisa, hivyo mashine iliyokuwa ikitoa maji kidogo ikaishia kutotoa kitu.

Kuhusu joto, kikombe kizito kilichotoka kabatini hunyang'anya kahawa joto lake kabla hujakigusa. Kabla ya kulaumu kichemshio, suuza kikombe kwa maji ya moto ya mashine yenyewe na ulinganishe.

Maji ni mazima, lakini kahawa inatoka tone kwa tone

Kwanza tazama midomo ya kutolea kahawa. Mafuta ya kahawa hukauka ndani yake yakawa kama lami. Kijiti cha meno na maji ya moto huyatoa. Pili, angalia kiwango cha usagaji. Unga laini mno hugeuka tope linalokataa kupitisha maji. Geuza kirekebishi hatua moja tu kuelekea unga wa chenga, na ukigeuze wakati kisagio kinazunguka, kamwe si kikiwa kimesimama, kwa sababu unga uliobanwa kati ya meno yake huweza kuvunja sehemu ya kurekebishia. Mabadiliko hayaonekani kwenye kikombe cha kwanza, kwa kuwa mfereji bado una unga wa zamani. Subiri cha tatu.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi, toa kitengo cha kuchujia. Zima mashine kwa kitufe chake, subiri ikamilishe minong'ono yake na kurudi mahali pake pa kupumzikia, ndipo ufungue mlango, ubonyeze vitufe viwili vya rangi au kishikio kilichopo, na uvute. Kisipotoka, usikilazimishe. Niliwahi kukilazimisha kimoja kwa bisibisi bapa, nikavunja ulimi wa plastiki usiofikia upana wa ukucha, na mwenye mashine alisubiri kipuri miezi miwili. Washa mashine tena na mlango ukiwa umefungwa, iache ijipange upya, uzime, ujaribu mara ya pili. Umeme ukikatika katikati ya kutengeneza kikombe, kitengo hubaki kimesimama nusu njia, na kuiwasha na kuizima huko kwa kawaida hukirudisha.

Kikishatoka, kishike chini ya bomba la maji vuguvugu ukitazama sehemu tatu. Ya kwanza ni chujio la chuma lenye matundu madogo: likiinuliwa dhidi ya mwanga wa dirisha, matundu yanapaswa kuonekana yote, na pale penye weusi uliofumba pana mafuta yaliyoganda. Mswaki laini unatosha, pini isitumike. Ya pili ni chini ya pistoni ya kitengo, ile inayokandamiza unga, ambako unga hujificha na kuota ukungu wa kijivu ikiwa mashine imeachwa siku kadhaa na machicha ndani. Ya tatu ni reli za pembeni, ambazo mafuta yake hushika vumbi la kahawa na kuwa msasa. Usitumie sabuni wala mashine ya kuoshea vyombo, kwa maana sabuni huondoa grisi iliyopakwa kiwandani na kitengo kikabaki kikijikokota. Kiache kikauke, kisha paka grisi ya silikoni ya daraja la chakula kwenye oringi, yaani pete ya mpira inayozuia maji kuvuja, na kwenye reli, kiasi kisichozidi punje ya mtama kila mahali, halafu ipanguse mpaka ubaki mng'aro tu. Mafuta ya kupikia huchacha. Mafuta ya mgando ya kujipaka hutokana na mafuta ghafi ya ardhini na huvimbisha baadhi ya aina za mipira.

Kabla ya kukirudisha, chungulia ndani ya shimo lake kwa tochi ya simu. Utashangazwa na kilima cha unga kilichopo. Kifagie kwa brashi kavu au ukivute kwa kifyonza vumbi.

Trei inajaa haraka kuliko kikombe

Maji kidogo kwenye trei ni jambo la kawaida, kwa sababu mashine hujisuuza inapowaka na kuzimika, na huachia mgandamizo uliobaki kila baada ya kikombe. Si kawaida, hata hivyo, kikombe kutoka nusu na trei kupokea nusu nyingine. Hapo oringi ya pistoni ya kitengo imechoka. Pampu huweza kufikia mgandamizo wa bari 15, na kahawa yenyewe huhitaji takriban 9. Oringi iliyobapa upande mmoja, au yenye ufa usioonekana mpaka uivute kwa vidole viwili, haiwezi kuyazuia maji, nayo hukimbilia penye upenyo. Ivue kwa kijiti cha mbao, si cha chuma, uende nayo dukani ulinganishe kipenyo na unene. Iwe ya mpira unaofaa kwa chakula na kuhimili maji ya moto. Ile ya bomba la bafuni itakaa vizuri wiki moja tu.

Kahawa ni nyepesi, na droo ina tope badala ya mabonge

Machicha yenye unyevu si ugonjwa, na wanaohangaika nayo huku kahawa yao ni tamu wanajisumbua. Tatizo ni pale kahawa inapokuwa nyepesi na jaribio la pili likaonyesha kwamba kahawa iliyosagwa nje inatoka nzuri. Maana yake unga haufiki. Mvuke hupanda kutoka kwenye kitengo, hukutana na unga ulio kwenye mfereji, na kwa sisi tunaoishi Pwani, ambako hewa yenyewe ina maji, unga huo huganda na kujenga kizibo kigumu kama udongo wa kichuguu. Kitoe kwa kijiti na brashi, vyote vikiwa vikavu. Maji yasiingie huko kamwe. Kisha weka kwenye chombo cha buni kiasi cha siku moja tu, na zilizobaki zikae kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Buni zilizokaangwa mpaka zikang'aa kwa mafuta ndizo zinazoziba zaidi. Zenye rangi ya kahawia isiyong'aa huisumbua mashine kidogo sana.

Mashine ya shemeji yangu ililetwa kwa dalili hiyo hiyo. Nilipofungua mfereji nilikuta nyuzi za maganda ya iliki zimejisokota na unga mpaka zikawa kamba. Alikuwa ametia iliki na vipande vya tangawizi kavu pamoja na buni, “ili itoke kama ya Mama,” alisema, na sikuwa na la kumjibu juu ya nia yake. Kisagio hiki, hata hivyo, kimeumbwa kwa punje kavu zinazovunjika, wala hakiwezi nyuzi. Viungo vitiwe kwenye kikombe au vichemshwe pembeni. Kahawa ya unga inayoyeyuka nayo haifai kutiwa kwenye tundu la kahawa iliyosagwa, kwani huyeyuka na kugeuka gundi ndani ya kitengo.

Kisagio kikipiga kelele ya chuma au kikikwama ghafla, kuna jiwe. Buni zinazouzwa kwa kilo sokoni huweza kuja na vijiwe, na dawa ni kuzimwaga kwenye sinia na kuzichagua kama unavyochagua mchele. Jiwe likishaingia, chomoa waya wa umeme, ondoa buni zote, toa jino la juu la kisagio kama mashine yako inaruhusu, ulitafute.

Dalili ndogondogo

Taa ya droo ya machicha isipozimika hata baada ya kumwaga, huenda droo ilimwagwa mashine ikiwa imezimwa. Nyingi huhesabu vikombe na hufuta hesabu pale tu droo inapotolewa zikiwa zimewashwa, tena ikae nje kwa sekunde kadhaa.

Povu la maziwa likiisha nguvu, ncha ya mrija imeziba kwa maziwa yaliyokauka. Ivue, iloweke katika maji ya moto, upitishe sindano kwenye tundu lake, na kuanzia hapo uachie mvuke sekunde chache mara tu baada ya kila matumizi.

Mende hupenda mashine hizi kuliko tunavyopenda kukiri: kuna joto, maji na chakula. Kinyesi chao kwenye bodi ya umeme huleta hitilafu zisizoeleweka, taa kuwaka hovyo na vitufe kutosikia. Anayesafiri na amwage tangi, droo na trei, akitoe kitengo na kukiacha nje kikauke.

Umeme, na mahali pa kusimama

Mashine isiyowaka kabisa ijaribiwe kwanza kwenye soketi nyingine. Iliyoletwa kutoka Marekani, ya volti 120, haifai kuchomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230, na hata ikiwa na transfoma, pampu iliyotengenezewa hezi 60 itapiga polepole zaidi ya ilivyokusudiwa. Ile ya kutoka Saudi Arabia ina volti sawa na zetu, lakini hezi za huko nazo ni 60.

Sakiti breka ikijizima kila unapowasha, acha. Inawezekana hita imepasuka na umeme unavuja kwenye maji. Vilevile kichemshio kilichozibwa na chokaa hupata joto kupita kiasi na kukata fyuzi yake ya joto, ambayo hairudi. Kuibadilisha si kazi ngumu, lakini kuiruka kwa kuunganisha waya, kama nilivyokuta katika mashine mbili, ni kuondoa kitu pekee kilichokuwa kikizuia moto. Kazi hiyo ni ya fundi wa umeme. Ukilazimika kufungua kifuniko ili kutazama tu maji yanavujia wapi, chomoa waya na usubiri saa nzima, kwa sababu kichemshio hubaki cha moto muda mrefu baada ya taa kuzima.

Baada ya kuondoa chokaa na kupaka grisi, tengeneza vikombe viwili na uvimwage. Cha tatu ndicho cha kuonja, na ukishakionja fungua droo utazame bonge la mwisho: likiwa limeshikana na lina sura ya sarafu nene, kazi imekamilika.